Mama Mkwe wa Mwenyekiti

Mwezi uliopita nilialikwa katika hoteli moja hapa Lubumbashi, kwenye mkutano juu ya kile wanachokiita siku hizi ushirikishwaji wa sauti zilizosahauliwa. Nilikwenda kwa sababu binti yangu alinisukuma, akisema nyumbani nazeeka na kugombana na redio. Nani nikamkuta jukwaani? Monsieur Désiré, nywele zimekuwa nyeupe, tumbo limetangulia, na nyuma yake ukutani picha kubwa ya watu waliokaa duara kwenye viti vya plastiki. Mimi nimo katika picha ile, msichana mwembamba aliyeshika kalamu. Akawaambia vijana kwamba mwaka ule, katika mtaa mmoja wa upande wa Luano, wanawake wa soko walipata ujasiri wa kusema mbele ya wanaume, na kwamba siri ilikuwa duara. Watu wakapiga makofi. Ujasiri! Duara! Nilibana mkoba wangu mapajani mpaka jirani yangu akaniuliza kama tumbo linaniuma. Katika picha ile kuna kiti kimoja kimegeukia ukuta, na mama aliyekalia amejifunika kitambaa kichwani, na katika ukumbi mzima hakuna hata mtoto wa mtu aliyeuliza kwa nini. Nikanyoosha mkono. Nikapewa dakika mbili, na moja iliishia kwenye salamu za wakubwa. Basi nitasema hapa, ambapo hakuna wa kuninyang'anya kipaza sauti.

Mwaka ule nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, Kasapa. Mabweni hayakuwa na maji, nikapanga chumba cha nyuma katika parseli, yaani kiwanja na nyumba yake, ya Mama Numbi, muuzaji wa samaki wakavu wa Pweto. Chumba hicho zamani kilikuwa stoo ya samaki, na harufu haikukubali kuhama. Iliingia katika daftari zangu, katika mto, katika nywele. Darasani wenzangu walinusa hewa nikiingia, halafu wakajifanya wanatafuta kalamu zao. Lakini nililala vizuri pale, na nilikula vizuri zaidi. Jioni tulikaa uani, mbabula ya makaa ikiwaka, bukari, ugali wetu, katikati, mchicha wa lengalenga uliotiwa karanga, na kipande cha samaki ambacho Mama Numbi alikuwa anakisogeza upande wangu bila kuniangalia, kana kwamba kimetembea chenyewe. Alikuwa mama mnene kidogo, mwenye sauti ya kuvuka barabara. Sokoni, hata treni ikipita, mteja aliisikia bei yake.

Kitu kimoja kilinishangaza tangu siku za kwanza. Akirudi kutoka sokoni hakusalimia mtu. Alitupa beseni chini, akapita mbele yangu kama hanioni, akaenda moja kwa moja msalani. Akitoka huko anachota maji mtungini, anakunywa akiwa amesimama, kikombe baada ya kikombe, halafu ndipo anakaa, anavua viatu, na kuniuliza kama nimeshinda salama, utadhani amefika sasa hivi. Mwanzoni nilifikiri ni tabia yake tu. Siku nilipouliza, alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto wa tajiri. Sokoni hapakuwa na msalani. Zamani akina mama walikuwa wanaomba katika parseli za jirani, wenye parseli wakachoka, wakafunga mageti. Wale wadogo walikwenda nyuma ya ukuta wa reli, na huko vijana wavivu walikuwa wanawasubiri ili kuwacheka, na siku nyingine si kuwacheka tu. Wale wakubwa waliamua kutokunywa maji toka asubuhi mpaka jioni, jua liwake lisiwake. Figo za Mama Numbi zilikuwa zimeanza kumsumbua. Daktari alimwambia anywe maji siku nzima. Alinisimulia akicheka, lakini macho hayakucheka: "Docteur ananiambia, mama, kunywa. Yeye iko na musalani pembeni ya ofisi yake."

Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na mwenye msalani hamjui asiye nao. Nimekaa katika mikutano mingi tangu wakati ule, na ninaweza kuapa kwamba neno hilo la msalani ndilo la mwisho kufika mezani, baada ya utawala bora, baada ya amani, baada ya chai. Wanaozungumza wote wametoka kujisaidia dakika chache kabla, wamenawa na sabuni, wanajisikia wepesi, na wanashangaa kwa nini akina mama wa nyuma wana haraka ya kurudi nyumbani.

Sasa nieleze habari za mkwe. Binti mkubwa wa Mama Numbi, Béatrice, alikuwa ameolewa na Papa Kasongo, mwalimu wa shule ya msingi na mwenyekiti wa komite ya mtaa. Watu wote walimwita Prezida. Alikuwa mtu mwenye adabu, shati lake halikukosa pasi hata wakati umeme umekatika juma zima. Akija kumsalimia mama mkwe wake alisimama nje ya geti, akapiga makofi taratibu na kukohoa. Mama Numbi akisikia kikohozi kile alinyanyuka haraka, hata kama mkono umo katika bukari, akaingia jikoni na kusukuma mlango nusu. Ndipo Papa Kasongo aliingia uani na kukaa akiupa mlango ule mgongo. Na mimi niliwekwa katikati. Mama Numbi aliniambia kutoka jikoni nimuulize baba wa batoto kama waliamka vizuri. Nilimuuliza, ingawa alikuwa amesikia vizuri kama mimi. Alinijibu kwamba waliamka, wanamshukuru Mungu, je, mama? Nikageuza shingo na kuyarudia. Chuoni nilikuwa najifunza ukalimani; nyumbani nilikuwa mkalimani wa watu wawili wenye lugha moja, na kati yao ukuta wa matofali mabichi.

Vijana wa leo wakisikia hivi wanadhani watu hao walichukiana. Hata kidogo. Ni bukwe, ni heshima, na katika nyumba zetu nyingi ilishikwa hivyo, za watu wa kaskazini na hata zetu sisi tuliotoka Kasai. Mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Samaki mzuri kuliko wote sokoni alifunikwa kitambaa na kupelekwa kwa Papa Kasongo, na paa la Mama Numbi lilipovuja ni Papa Kasongo aliyepanda juu yeye mwenyewe, mama akiwa amekwenda kanisani. Walipendana kwa kukwepana. Na mambo ya mwili, hayo ndiyo hayatajwi kabisa. Mama ambaye hawezi kutafuna mbele ya mkwe wake atawezaje kumwambia habari za haja?

Katika mwaka huohuo nikapata kazi kwa Monsieur Désiré. Shirika lake lilitaka kujengea mtaa kitu kimoja, na kitu hicho kichaguliwe na wananchi wenyewe kwa majadiliano, wote wakiwemo, hasa wale ambao hawasikilizwi. Mimi nilitakiwa kuandaa viti, kutafsiri Kifaransa chake kwa Kiswahili, na kuandika. Nilifurahi sana. Niliamini kila neno. Jioni nilimweleza Mama Numbi, ambaye alikuwa anachambua samaki, akaacha kuchambua. Aliniuliza kama ni kitu kimoja tu. Nikamwambia ni kimoja. Akasema basi ni musalani wa soko, akaendelea na samaki wake. Yeye alikuwa mama prezida wa wauzaji wote wa soko lile, wenzake walikuwa na wazo hilohilo, nami nikadhani kazi imekwisha kabla ya kuanza.

Kikao cha kwanza kilifanyika katika darasa la shule ya parokia. Watu wenyewe walikuwa wamepanga viti kama kawaida yao: wanaume mbele, akina mama nyuma, karibu na nguzo na madirisha. Monsieur Désiré alipoona hivyo alikunja uso. Lazima nimtendee haki: hakuwa mtu mbaya. Aliniambia siku moja tukiwa njiani kwamba mama yake mzazi alikufa bila kuulizwa maoni yake juu ya kitu chochote, hata juu ya ndoa za watoto wake, na aliposema hivyo sauti yake ilibadilika. Kwa hiyo viti vya nyuma vilimuuma. Akaamuru tuviweke duara, kila mtu amwone mwenzake, pasiwe na mkubwa wala mdogo. Kisha, kwa heshima kabisa, akaweka kiti cha mwenyekiti wa mtaa upande mmoja, na kiti cha mama prezida wa soko upande wa pili, wakielekeana. Nilimnong'oneza. Akaniambia nisubiri, tusichelewe.

Mama Numbi aliingia amevaa kitenge chake cha Jumapili. Akaona. Akavuta kitambaa usoni, akageuza kiti, akakaa ameangalia ukuta. Ndipo picha ile ikapigwa. Baada ya picha Monsieur Désiré alimwendea akitabasamu, akashika kiti kwa mikono miwili, akakigeuza kuelekea duara, naye mama yuko juu yake. Mungu wangu. Mama Numbi alinyanyuka na kutoka nje. Upande wa pili Papa Kasongo alikuwa anahesabu mbao za dari, jasho linamtiririka. Majadiliano yakaendelea. Wanaume wakataka sale, jumba la mikutano, la sherehe na matanga, na makamu wa mwenyekiti ndiye aliyelipigia debe zaidi, maana kaka yake ni mwashi. Mama mmoja wa nyanya, Chantal, alijikaza akasema akina mama wa soko wana shida ya ile fasi, pahali pale. Wakamuuliza fasi gani. Akasema, ile fasi. Mtu akacheka nyuma, Chantal akakaa. Papa Kasongo, ambaye alijua vizuri kabisa ni fasi gani, akakimbilia kumpa mwingine nafasi ya kusema.

Kesho yake Monsieur Désiré aliniamuru niandike kwamba wanawake wa soko wana woga mkubwa. Nikamweleza: si woga, mwenyekiti yule ni mkwe wa Mama Numbi. Akasema ndiyo mila hizohizo zinazowaziba wanawake midomo, na kwamba mama lazima ajifunze kumtazama mwanamume machoni. Nikamwambia hata mwanamume mwenyewe hawezi kumtazama, wamefungwa wote wawili. Nikamwomba turudishe viti kama vilivyokuwa, kule nyuma ya nguzo mama yule angesema vizuri. Akasema hiyo ni kurudi nyuma. Nikaomba akina mama wakae peke yao kwanza. Akasema hayo si majadiliano, ni umbea. Nikaomba basi niseme mimi kwa niaba yao. Akasema mwezeshaji hana upande. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu na nilimwita monsieur, nikameza. Leo ningemwambia kwamba mtu anayetafuta sauti na hataki kuuliza inapita wapi ni sawa na mtu anayegonga ukuta huku mlango uko wazi.

Badala yake tukapewa semina ya kujiamini. Mkufunzi alikuja, dada mmoja mwenye viatu virefu, akawapanga akina mama wawiliwawili watazamane bila kupepesa, kisha akawafundisha kupiga kelele wote pamoja: Mimi naweza! Mama Numbi aliwashinda wote. Vioo vya madirisha vilitikisika. Mkufunzi akamshika bega, akamwambia mama, umeona, woga umekwisha. Mama Numbi akamshukuru, akala kuku wake vizuri, akafunga kipande kwenye karatasi akaniletea. Jioni uani nilimwuliza semina ilikuwaje. Alipuliza makaa ya mbabula mpaka yakawaka. Halafu akasema:

"Mado, mutoto wangu, mi siko na woga. Mi niko na mukwe."

Vikao vingine vikafuata, vyote duara, na Mama Numbi hakutia mguu. Kila mara Monsieur Désiré aliuliza kwa huzuni wako wapi wanawake. Sale ikaendelea kunenepa: mara iwe na jukwaa, mara iwe na stoo ya viti. Siku moja Papa Kasongo alikuja, akakohoa getini, na mama hakuwapo. Ajabu, hakuondoka. Alikaa kwenye kigoda, akanyoosha suruali yake, akaniambia kwamba anajua kila kitu, Béatrice anamwambia kila siku, hata habari za figo. Nikamuuliza kwa ukali, maana nilikuwa nimechoka, kwa nini basi hasemi yeye, mwenyekiti mzima. Akanijibu polepole, kama anavyowajibu wanafunzi wake:

"Nisimame mbele ya bantu, niseme musalani ya mama mukwe wangu? Mademoiselle, nitakuwa nimemuvua nguo mu barabara."

Nikamshauri amwachie mwingine kiti. Akasema mwingine huyo ni makamu. Tukakaa hivyo, kuku wakidonoa miguuni petu, mimi nikiwa na hasira naye na huruma naye kwa pamoja. Alipoondoka alinisihi nisimwambie mama kwamba alikaa muda mrefu.

Kikao cha kukata neno kilifanyika wakati wa mvua. Dari la darasa lilivuja, viti vikasogezwa mpaka duara likawa kama yai, na Monsieur Désiré alikuwa ameleta karata za rangi za kupigia kura na wageni wawili wa shirika. Niliona Mama Numbi amekuja. Alisimama barazani, upande wa nje wa dirisha, pamoja na wenzake, wamejifunika viroba dhidi ya mvua. Monsieur Désiré alipowaita ndani walisema asante, hapa panatosha. Akatikisa kichwa, akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyewazaa.

Sasa, katika mji wetu hakuna mkutano unaoanza bila sala. Iwe komite, iwe mpira, iwe watu wanaotaka kugombana, kwanza sala. Na sala hupewa mama. Kuongoza hatuwezi, fedha hatuwezi, kukata maneno hatuwezi, lakini kuomba, ee, hapo wanaume wanatuachia bila kubishana. Makamu akasema kwa desturi, akitazama saa yake, kwamba mama mmoja atusaidie na sala fupi. Monsieur Désiré alikuwa anapanga karata zake. Kwake yeye sala haikuwa kikao, ilikuwa kama kufuta ubao. Tukasimama wote. Vichwa chini, macho yamefungwa. Na kutoka dirishani, juu ya kelele za mvua kwenye mabati, ikaja sauti ile ya kuvuka barabara.

"Baba Mungu, we ndjo ulituumba. Ulitupa kinywa ya kukula na ya kunywa, na ulijua kama vile vitu vitatafuta fasi ya kutokea. Haukusikia haya kutuumba vile. Na shiye leo tusisikie haya mbele yako."

Watu wakaitikia Amina, wengine kabla ya kuelewa.

"Baba, unaona bamama ba soko. Banafika jua haiyatoka, banarudia jua inashuka, na hakuna fasi ya kujisaidia. Hatukunywake maji, Baba, figo zinatuuma. Batoto betu babinti banaenda nyuma ya ukuta ya reli, na vile vinabafikaka kule, weye unaona, mi sitavisema mu sala."

Amina. Hii ilikuwa nzito zaidi. Nilifungua macho, Mungu anisamehe. Monsieur Désiré alikuwa amefungua yake pia, anazungusha kichwa akimtafuta anayesema bila kunyoosha mkono. Akainua kidole kutaka kumkatisha. Mgeni mmoja wa shirika, aliyekuwa amefumba macho kwa ibada, akasema Amina karibu na sikio lake, na kidole kikashuka. Nani atakatisha sala?

"Tunakuomba musalani, Baba. Sale ni muzuri, hatuikatae. Lakini tutakaa mu sale namna gani, na tuko tunajifinya? Gusa roho ya bale banakata neno leo. Na ule mumoja, ule siwezi kuita jina yake, ule ulinipa akuwe mutoto wangu, umubariki na nyumba yake, umupe nguvu asiogope. Mu jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mutakatifu."

Amina, tukasema wote, na moja ilisikika peke yake baada ya zingine. Ilikuwa ya Papa Kasongo. Macho yake yalikuwa yamefumbwa kwa nguvu kama mtoto anayedungwa sindano. Hakuwa amemtazama mama mkwe wake, wala mama hakuwa amemtazama yeye. Hakuwa amesemeshwa hata neno moja. Yote yalikuwa yamepitia kwa Mungu, kama vile siku nyingine yalivyopitia kwangu. Tulipokaa alibaki amesimama. Akakohoa. Akasema pointi ya kwanza ni musalani wa soko, je, kuna anayepinga? Sasa nani atapinga kitu alichokisemea Amina sasa hivi, midomo haijakauka? Makamu akafungua kinywa, akatazama wageni wa shirika, akakifunga. Papa Kasongo akasema basi imekwisha, tunamwomba makamu atufungie na sala. Makamu akaomba kwa ufupi sana.

Monsieur Désiré alikasirika, maana karata zake za rangi zilirudi sandukuni bila kutumiwa. Ofisini aliniuliza ni wanawake wangapi walichangia kikaoni. Nikamwambia mmoja. Akasema hakuna hata mmoja, sala si mchango, nikitaka kubishana nisome mwongozo. Ripoti ikaenda mbele ikisema kwamba kwa sababu ya duara na semina, wanawake wa soko walijieleza kwa uhuru. Wanawake sifuri walichangia, na wote walijieleza kwa uhuru, katika karatasi ileile. Nilisaga meno nikaipiga chapa.

Msalani ukajengwa kwa kweli, milango miwili ya chuma, upande wa akina mama na upande wa wanaume, na bango la shirika lililokuwa kubwa kuliko milango yote miwili. Siku ya kuzindua waliweka hema, wakaleta muziki, wakubwa wakakata utepe. Nilikuwa nimesimama karibu na Mama Numbi, nyuma ya meza yake ya samaki, na mara ya kwanza katika mwaka mzima nilimwona ametulia mabega. Kisha Monsieur Désiré akasema kwamba mali ya umma lazima iwe na msimamizi, na kwamba ufunguo wa kufuli ya upande wa akina mama, kwa niaba ya jamii yote, unakabidhiwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Papa Kasongo akaitwa mbele. Akaupokea kwa mikono miwili. Makofi. Mabega ya Mama Numbi yakapanda tena.

"Sasa nitamuombaka namna gani?" akaniuliza. Aliniuliza kweli, akitaka nimjibu.

Nilikwenda kwa Monsieur Désiré palepale, akiwa anakula nyama kwa kijiti. Nikamwambia umefanya mama wa watu amwombe mkwe wake ruhusa ya kwenda haja. Alitafuna, akameza, akanitazama kwa mshangao wa kweli, na akasema: "Lakini Mado, si alishapata ujasiri?" Sikumbuki nilimjibu nini. Waliokuwapo wanasema nilimjibu kwa lugha ya nyumbani kwetu Kasai, ambayo haielewi, na ni afadhali kwake.

Jioni ile nilipita kwa Papa Kasongo. Ufunguo ulikuwa juu ya meza, kwenye kitambaa cha kufuma cha Béatrice, naye ameketi mbele yake kama mtu anayelinda maiti. Akaniambia amefikiri mpaka kichwa kinamuuma. Akingoja mama auombe, mama hatauomba mpaka kufa. Akiutuma kwake, hata kwa mkono wa Béatrice, atakuwa amemtumia mama mkwe wake ujumbe wa kumwambia nenda msalani. Akimpa mama mwingine, siku ya pili wataulizana mtaa mzima kwa nini mwenyekiti hakumpa mama prezida. Nikasema niupeleke mimi. Akasema aliupokea kwa mikono miwili mbele ya watu, hawezi kuutoa kwa mlango wa nyuma. Nikaondoka nimewachoka wote, walioleta mambo mapya na walioshika ya zamani.

Asubuhi iliyofuata kufuli haikuwapo mlangoni. Akina mama wakaingia na kutoka, wanajifungia kwa komeo la ndani, wanacheka kama watu waliokwenda arusi. Papa Kasongo mwenyewe alikwenda kumweleza Monsieur Désiré kwamba kufuli imeibwa. Monsieur Désiré akanunua nyingine, nene zaidi. Nayo ikaibwa. Akaleta nyingine ya nje ya nchi. Hiyo haikumaliza juma. Ikabidi kiitishwe kikao juu ya usalama wa kufuli. Tulikaa duara. Watu wakajadili wezi hao wa ajabu, wanaoacha mlango wa chuma, wanaoacha bomba, wanachukua kufuli tu. Wengine walishuku vijana wa reli, wengine walishuku wauza vyuma. Papa Kasongo aliongoza kwa uso mzito, akampa kila mtu nafasi, na mwishoni akapendekeza kwamba kwa hali ya ujambazi ilivyo mtaani ni busara kuuacha mlango bila kufuli. Ikapita bila kupingwa. Monsieur Désiré akasema hayo ndiyo majadiliano ya kweli, na mara hiyo moja nilikubaliana naye.

Kabla ya mwaka kwisha Béatrice alijifungua, nikaenda nyumbani kwao kusaidia kupika. Nilikuwa natafuta chumvi. Nyuma ya gunia la unga, kwenye kabati la jikoni, mkono wangu ukagusa chuma baridi, na nikazitoa kufuli, moja baada ya moja: ile ya kwanza, ile nene, na ile ya nje ya nchi ikiwa bado na karatasi yake ya duka. Nilipogeuka, Papa Kasongo alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, Prezida, ni wewe? Mwalimu, mtu wa kanisa, mwenyekiti? Aliweka ndoo chini, akatazama upande wa chumba alimolala mkewe, akaona mlango umefungwa.

"Mademoiselle," akasema, "mi nilisema Amina."